Wiski ya moshi na ukungu: mwongozo kamili wa kuitengeneza nyumbani

Glasi inayofuka mezani huwa imetengenezwa kwa moja kati ya njia mbili ambazo hazina undugu, ingawa wanaoanza huzichanganya. Njia ya kwanza ni moshi wenyewe: mbao au kiungo kinaunguzwa, chembe zake zinanata kwenye kuta za glasi na juu ya kinywaji, na ladha inabadilika. Ya pili ni ukungu wa barafu kavu (hewa ya ukaa iliyogandishwa), yaani matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani. Hauna harufu wala ladha, na ukishatoweka kinywaji kinabaki karibu vilevile kilivyokuwa.

Kwa hiyo amua mapema unamtengenezea nani: ulimi au macho. Ukitaka ladha, nunua mbao. Ukitaka wageni watoe simu zao kupiga picha, tafuta barafu kavu. Ukitaka vyote viwili kwa usiku mmoja inawezekana, ila usivitie kwenye glasi moja. Ukungu huziba moshi, moshi huchafua ukungu, na mnywaji hapati chochote cha maana.

Wiski ipi inastahili moshi

Bourbon ndiyo rahisi kuanzia. Kwa sheria ya Marekani, ni lazima itengenezwe kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, kisha ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Maana yake ni kwamba imeshakutana na mwaloni ulioungua kabla hujaifungua, na ule utamu wake wa vanila unaupokea moshi bila ugomvi. Wiski ya rai (nafaka inayofanana na ngano), yenye ukali wa viungo, hufaa pia, hasa kwa mtu asiyependa vitamu.

Wiski za kisiwa cha Islay huko Uskoti ni habari nyingine. Nyingi kati ya hizo hutokana na shayiri iliyokaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa kinamasi unaochimbwa, kukaushwa na kuchomwa kama kuni. Tayari zina moshi ndani yake. Kuziongezea mwingine ni kupoteza pesa na kuharibu kazi ya aliyeitengeneza. Zitumie kwa namna nyingine, nitakayoieleza mwishoni.

Na usichome moshi kwenye chupa yako ya thamani. Moshi hufunika vitu vidogo vidogo ambavyo ndivyo ulivyovilipia. Chukua wiski ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 45 hadi 50 hivi, ambayo haitapwaya barafu ikianza kuyeyuka.

Mbao

Hapa ndipo ladha inapoamuliwa. Mbao ngumu zina kitu kiitwacho lignini, na kikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kemikali kama guayakoli na siringoli. Hizo ndizo pua inazitambua kama harufu ya moshi mzuri. Mbao laini zenye utomvu, kama msonobari na mwerezi, hutoa moshi mchungu wenye masizi, kwa hiyo usiziguse. Mbao zilizopakwa rangi, vanishi au dawa ya wadudu ni sumu moja kwa moja. Ubao wa samani uliovunjika haufai, hata kama unaonekana safi.

Mwaloni ndio wa kuanzia, na ukiishia hapo hapo hujakosa kitu. Mcheri hutoa moshi laini wenye utamu kidogo, na kwangu mimi ndio unaokaa vizuri zaidi na bourbon. Mtufaa ni mwepesi zaidi ya hapo. Hikori ni mkali, unakumbusha nyama ya kuchoma, na usipokuwa mwangalifu kinywaji kinageuka kuwa kama mchuzi wa nyama choma. Tumia nusu ya kiasi ulichokusudia.

Nunua vibanzi vidogo au maranda yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Visiloweshwe. Ushauri wa kulowesha mbao umetoka kwa wachomaji nyama, ambao moto wao unawaka kwa saa nyingi. Wewe una sekunde chache tu, na mbao mbichi zitakupa mvuke na hasira.

Vifaa

Unahitaji kichomeo cha gesi cha jikoni, kile kidogo cha kuunguzia sukari. Kiberiti cha kawaida hakitoshi. Mwali uwe wa buluu; ukiona wa njano, gesi haiungui vizuri na kinywaji kitanuka mafuta. Jaza gesi ukiwa nje au karibu na dirisha lililo wazi, kichomeo kikiwa kimezimwa na kimepoa.

Baada ya hapo kuna njia tatu.

Njia ya ubao haihitaji kununua kitu cha ziada. Chukua ubao mnene wa mwaloni usiopakwa chochote, unguza sehemu moja hadi ifuke, ondoa moto, kisha funika pale kwa glasi iliyopinduliwa. Baada ya sekunde 20 hadi 30 glasi itakuwa nyeupe ndani. Igeuze, mimina kinywaji. Glasi iwe nene na iwe imetoka kwenye friji, isitoke kwenye friza: kioo chenye barafu kikikutana na kaa la moto hupasuka. Ubaridi huo una kazi yake, maana moshi hunata haraka zaidi kwenye kitu cha baridi chenye unyevu.

Njia ya kifuniko ni kile kidude cha mbao kinachokaa juu ya glasi, chenye shimo na wavu katikati. Unatia maranda kwenye wavu, unayachoma kutoka juu, na nguvu ya mwali inausukuma moshi chini. Kwa mtu wa nyumbani, hii ndiyo ninayoipendekeza. Haichukui nafasi, haiharibiki, na unaona kila kinachotokea.

Njia ya bunduki ya moshi hutumia feni ndogo na mpira wa kupitishia moshi. Ina faida moja kubwa: moshi hufika ukiwa umepoa, na unaweza kujaza chupa nzima, jagi, au kuba la kioo lililofunika glasi 3 kwa pamoja. Lakini inahitaji betri, kusafishwa kila mara, na subira. Usiposafisha chujio lake, kila kinywaji kitakuwa na ladha ya jivu la juzi.

Old Fashioned ya moshi, hatua kwa hatua

Hiki ndicho kinywaji cha kujifunzia, kwa sababu hakina pa kujificha. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, lilieleza kuwa koktaili ni mchanganyiko wa pombe kali, sukari, maji na vitone vichungu, na Old Fashioned bado ni hivyo hivyo. Kosa lolote la moshi utalisikia mdomoni papo hapo.

Utahitaji mililita 60 za bourbon au wiski ya rai, mililita 5 hadi 7 za shira ya sukari (sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, pasha hadi sukari iyeyuke, kisha acha ipoe), mitikiso 2 au 3 ya vitone vichungu vya Angostura, ganda la chungwa na pande moja kubwa la barafu.

1. Andaa barafu mapema. Pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Ukitaka liwe angavu kama kioo, weka maji kwenye kasha dogo la kubebea barafu, lenye kuta nene za kuzuia joto na lisilo na mfuniko, liingize kwenye friza, ulitoe baada ya saa 18 hadi 24, kabla maji ya chini hayajaganda. Maji huganda kutoka juu kwenda chini na kusukuma hewa na uchafu mbele yake, kwa hiyo sehemu ya juu inakuwa safi. Mbinu hii ilienezwa na mwandishi wa vinywaji Camper English kuanzia mwaka 2009. Kata kwa kisu cha mkate chenye meno.

2. Changanya wiski, shira na Angostura kwenye glasi kubwa yenye barafu ya kawaida. Koroga taratibu kwa sekunde 20 hadi 30. Usitikise, hapa hutaki povu.

3. Chuja kwenye glasi fupi nene juu ya pande la barafu. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kinywaji. Glasi ikijaa hadi ukingoni, moshi hauna pa kukaa.

4. Funga chupa ya wiski na uisogeze mbali. Wiski ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto ikifika nyuzi joto 26 hivi, na wiski kali zaidi hushika mapema kuliko hapo. Chumba chenye joto kinatosha kabisa. Funga nywele ndefu, kunja mikono ya shati.

5. Weka kifuniko juu ya glasi. Tia maranda kidogo tu, yale unayoweza kuyabana kwa ncha za vidole viwili. Yakizidi, yaliyo chini hayataungua vizuri.

6. Washa kichomeo na uelekeze mwali chini, katikati ya maranda, kwa sekunde 5 hadi 8. Angalia kwa makini hapa. Mwanzoni maranda yanageuka hudhurungi, kisha kingo zake zinang'aa nyekundu, na moshi unaanza kuteremka kwenye glasi, ukizunguka pande la barafu na kulala juu ya wiski. Unachotafuta ni kaa linalofuka. Yakiwaka moto wa kuruka, ondoa kichomeo na uyafunike, kwa sababu mwali unateketeza harufu ile ile unayoitaka na kukuachia jivu.

7. Ondoa kichomeo, ziba tundu la kifuniko, uhesabu hadi 15. Mara ya kwanza usizidishe.

8. Ondoa kifuniko mbele ya mnywaji. Moshi unaotoka wakati huo ndio tamasha lenyewe, na ukiufungulia jikoni umejionyesha mwenyewe tu. Acha utawanyike kwa sekunde chache, halafu kamua ganda la chungwa juu ya glasi ili mafuta yake yaanguke, pitisha ganda ukingoni, litumbukize.

Wengine hukamua ganda kabla ya moshi. Mimi naona inafaa baada, kwa sababu mafuta ya chungwa yanakaa juu yakiwa safi na pua inakutana nayo kwanza, kisha moshi unafuata.

Onja. Ukihisi uchungu nyuma ya ulimi, kama umelamba kaa la mkaa, umeacha moshi kwa muda mrefu mno au maranda yalikuwa mengi. Punguza sekunde kabla ya kupunguza mbao. Kama huhisi moshi kabisa, huenda glasi ilikuwa ya joto au kifuniko hakikukaa sawasawa. Na kama moshi unausikia kwenye pua tu, si mdomoni, usijali: sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupitia puani. Kinachofuatia hapo ni suala la upendeleo. Kuna watu hawapendi moshi kwenye kinywaji chenyewe, na hao watengenezee kwa njia ya ubao, ambapo unafusha glasi tupu na kumimina baadaye.

Kabla hujaanza, uliza kama kuna mwenye pumu chumbani. Ukiwa na king'ora cha moshi, fungua dirisha badala ya kukitoa betri.

Mimea na viungo

Si lazima uwe na mbao. Kijiti cha mdalasini kikiunguzwa ncha hadi kifuke, kisha kikafunikwa na glasi, hutoa moshi mtamu mzuri sana na wiski ya rai. Kitawi cha rozmari huungua haraka na harufu yake ni kali, kwa hiyo sekunde 10 zinatosha. Karafuu 3 au 4 juu ya maranda ya mwaloni ni mchanganyiko unaostahili kujaribiwa. Chukua viungo vizima tu. Vya unga vinarushwa na mwali na kuishia kwenye kinywaji.

Kama una wageni wengi, kazi ya kufusha glasi moja moja itakuchosha. Ifushe shira badala yake. Mimina shira kwenye bakuli pana, funika kwa plastiki, ingiza mpira wa bunduki ya moshi, jaza, subiri dakika 10, koroga na urudie mara moja. Unaweza kufanya hivyo hivyo kwa maji na kisha kuyagandisha: barafu hiyo itaachilia moshi kidogo kidogo kadiri inavyoyeyuka, na kinywaji kitakuwa na ladha zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Hakuna tamasha lolote la kuona, lakini ndiyo mbinu ninayoiheshimu kuliko zote.

Barafu kavu na ukungu wake

Barafu kavu ni hewa ya ukaa iliyogandishwa. Ina baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na haiyeyuki kuwa maji. Inageuka hewa moja kwa moja. Ukiitumbukiza kwenye maji, hewa baridi inayotoka inaupoza mvuke wa maji hadi uwe matone, na ukungu ule mzito unamwagika ukingoni na kutambaa mezani. Hutambaa kwa sababu hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, takriban mara moja na nusu.

Masharti yake hayana mjadala. Usiishike kwa mkono mtupu, tumia koleo na glavu nene. Usiifungie kwenye chupa, jagi lenye mfuniko au sheka (chombo cha kutikisia vinywaji), kwa sababu hewa itajaa na chombo kitalipuka. Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za hewa, kwa hiyo chumba kiwe wazi, na ukiisafirisha kwa gari shusha vioo. Hewa hiyo hukusanyika chini, pale walipo watoto wadogo na wanyama wa nyumbani. Kichwa kikianza kuuma au pumzi ikienda mbio, toka nje mara moja.

Kubwa kuliko yote: isimezwe kamwe. Kipande kidogo kikifika tumboni kinaunguza kwa baridi huku kikitoa hewa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2012 huko Lancaster, Uingereza, msichana aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 alikunywa koktaili ya naitrojeni, tumbo lake likatoboka, na madaktari wakalazimika kuliondoa. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vyakula na vinywaji vinavyotiwa naitrojeni muda mfupi kabla ya kuliwa. Nyumbani, iache kabisa.

Kwa sababu hiyo nashauri barafu kavu isiingie kwenye glasi ya mnywaji hata kidogo. Kuna sababu ya ladha pia: hewa ya ukaa ikiyeyuka kwenye wiski huacha uchachu mdogo usio na kazi. Tumia vyombo viwili.

Chukua bakuli pana lenye kuta nene na uweke katikati yake glasi nzito ya kinywaji, ikiwa imesimama juu ya kibao au sahani iliyopinduliwa ili ukingo wake uwe juu ya ukingo wa bakuli. Zungushia bakuli majani ya mnanaa, vipande vya chungwa au vijiti vya mdalasini. Kwa koleo, panga vipande 4 au 5 vya barafu kavu vyenye ukubwa wa kokwa ya jozi (walnut). Mbele ya wageni, mimina maji ya moto kiasi, nyuzi 40 hadi 50, kuzunguka glasi. Maji baridi hutoa ukungu hafifu. Ukungu utadumu dakika chache, na ukianza kufifia ni kwa sababu maji yamepoa na vipande vimevaa ganda la barafu. Ongeza maji ya moto kidogo. Ukitia mdalasini na ganda la chungwa kwenye maji hayo, ukungu utabeba harufu yake, na hapo angalau macho na pua vinafanya kazi pamoja. Mnywaji aitoe glasi bakulini kabla ya kunywa, na mwenye nyumba alisimamie hilo mwenyewe.

Penicillin kwenye bakuli la ukungu

Koktaili hii ilibuniwa na Sam Ross huko New York mwaka 2005, na hapa ndipo wiski ya Islay inapopata heshima yake.

Tengeneza kwanza shira ya asali na tangawizi: asali kikombe 1, maji kikombe 1, kipande cha tangawizi kirefu kama kidole gumba kilichokatwakatwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika 5, acha ipoe, chuja.

Tikisa kwa nguvu, pamoja na barafu ya kawaida, mililita 60 za wiski ya Uskoti iliyochanganywa (blended), mililita 22 za maji ya limau na mililita 22 za shira hiyo. Chuja juu ya barafu mpya. Kisha geuza kijiko, mgongo wake uwe juu, na umimine taratibu mililita 7 za wiski ya Islay ili ielee. Moshi wa piti utakuwa wa kwanza kufika puani, hakuna kilichochomwa, na ukungu unaotambaa chini ya glasi utafanya watu waamini vingine. Weka glasi kwenye bakuli, mimina maji ya moto, peleka mezani.

Barafu kavu iliyobaki usiitupe kwenye sinki wala chooni, itapasua mabomba na kauri. Usiirudishe kwenye friji au friza pia. Iache ndani ya kasha la barafu lenye mfuniko uliolegea, nje ya nyumba, mahali penye upepo ambapo mtoto hafiki. Ikiwa ni kidogo, asubuhi hutakuta kitu.